Dawa ya unga ya kuua wadudu majumbani: Matumizi sahihi yaanzie kwenye lebo

Na Mwandishi Wetu, Babati

Baada ya mavuno ya mahindi na mbaazi, nyumba nyingi za wakulima wa Nakwa na maeneo mengine ya Halmashauri ya Mji wa Babati hugeuka kuwa maghala. Magunia hupangwa sebuleni, ukumbini na wakati mwingine katika chumba cha kulala, na pakiti ya dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka huwekwa juu ya kabati au chini ya kitanda. Wakati huohuo kunguni wamo kwenye chaga, mende wamo jikoni na viroboto wamo sakafuni. Hapo ndipo kishawishi huanza: kwa kuwa dawa ya unga ipo na inaua wadudu, kwa nini isinyunyizwe pia kitandani?

Makala haya yanaeleza kwa nini hatua hiyo ni ya hatari, dawa ya unga hufanyaje kazi, na mwananchi afanye nini ili aangamize wadudu bila kudhuru familia yake. Jambo kuu la kuzingatia ni kwamba dawa ya unga huwa kinga pale tu inapotumika kwa mdudu iliyosajiliwa kwa ajili yake, kwa kiasi kidogo, na mahali ambapo mdudu hupita lakini mkono wa mtoto haufiki. Nje ya masharti hayo matatu, dawa hiyo ni sumu iliyosambazwa ndani ya nyumba.

Dawa ya unga hufanyaje kazi?

Dawa ya unga ni mchanganyiko wa sumu kidogo na unga laini usio na sumu, kama vile talki au udongo uliosagwa, unaosaidia kuisambaza. Mdudu anapopita juu yake, chembe hunata kwenye miguu na mwili. Baadhi ya sumu hupenya kwenye ganda la mwili wake na kushambulia mishipa ya fahamu. Nyingine, kama asidi ya boriki inayotumika dhidi ya mende, huingia tumboni pale mdudu anaposafisha miguu na papasi zake kwa mdomo. Zipo pia unga zisizo na sumu ya kemikali, kama udongo wa diatomu, ambazo huondoa utando wa mafuta katika ganda la mdudu hadi akauke na kufa.

Kutokana na namna hiyo ya utendaji, kuna mambo matatu ambayo watumiaji wengi huyakosea. Kwanza, unga mwingi hauui zaidi. Mende na sisimizi wakikuta rundo la unga hulizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi, ilhali tabaka jembamba ambalo jicho linaliona kwa shida hawalikwepi. Pili, unga uliolowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, hivyo haufai kunyunyizwa bafuni, pembeni mwa mtungi wa maji au kwenye sakafu inayopigwa deki kila siku. Tatu, unga haupandi hewani kumfuata mbu. Kinga dhidi ya mbu ni chandarua chenye dawa, na chandarua hicho hakihitaji kuongezewa unga wowote.

Dawa ya ghalani si ya kitandani

Dawa za unga za kuhifadhia nafaka zilipata umuhimu mkubwa nchini baada ya dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita skania, kuingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanza kuharibu mahindi mkoani Tabora kabla ya kuenea katika maeneo mengine. Mdudu huyo hutoboa punje na kuzigeuza kuwa unga katika muda wa miezi michache. Ili kumdhibiti pamoja na fukusi, ulitumika mchanganyiko wa sumu mbili: pirimifosi-methili, inayomdhibiti zaidi fukusi, na permethrini, inayomdhibiti zaidi dumuzi.

Katika mchanganyiko huo uliozoeleka, gramu 100 za unga hutosha gunia la kilo 90 hadi 100. Unga huo una asilimia 1.6 ya pirimifosi-methili, maana yake gramu 100 zina gramu 1.6 tu za sumu hiyo. Zikichanganywa vizuri katika kilo 100 za mahindi, kila kilo hupata takribani miligramu 16. Zaidi ya hapo, nafaka hukaa kwa muda ulioelekezwa kwenye lebo, kisha hupepetwa, huoshwa, hukobolewa na kupikwa kabla ya kuliwa.

Sasa gramu hizohizo 100 zikimwagwa juu ya godoro moja, hesabu hubadilika kabisa. Sumu iliyokusudiwa kugawanyika katika kilo 100 za nafaka hubaki kwenye eneo dogo ambalo mtu hulala juu yake saa saba au nane kila usiku, ngozi yake ikiwa na jasho na pua yake ikiwa karibu na shuka. Mtoto mchanga huathirika zaidi, kwa kuwa uzito wake ni mdogo, hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima na huweka mikono mdomoni kila mara. Kwa sababu hiyo, dawa ya nafaka, dawa ya shambani na dawa ya kuogeshea mifugo hazipaswi kutumika kitandani, kwenye nguo, wala kwenye nywele za mtoto mwenye chawa.

Hatua ya kwanza: Soma lebo kabla ya kulipa

Hapa nchini, usajili na udhibiti wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 na yenye makao makuu jijini Arusha. Mamlaka hiyo ilirithi majukumu ya iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu Ukanda wa Kitropiki (TPRI). Kiuatilifu hakipaswi kuuzwa nchini bila kusajiliwa.

Kabla ya kununua, mwananchi ahakikishe kuwa kifungashio hakijafunguliwa na kina jina la dawa, jina na kiwango cha kiambato chenye sumu, namba ya usajili, mdudu anayelengwa, mahali inaporuhusiwa kutumika, kipimo, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya huduma ya kwanza. Aidha, aangalie rangi ya mstari ulio chini ya lebo. Rangi nyekundu humaanisha sumu kali sana, njano sumu kali, bluu sumu ya kiwango cha kati, na kijani sumu hafifu kuliko hizo. Hata hivyo, kijani haimaanishi kuwa dawa ni salama kuliwa au kuvutwa puani.

Dawa ya unga inayopimwa kwa kijiko na kufungwa katika karatasi au kimfuko cha nailoni isinunuliwe, hata kama muuzaji anaapa kuwa inamaliza kunguni kwa usiku mmoja. Dawa ya namna hiyo haina jina, kipimo wala maelekezo, na mtu akidhurika mganga hatajua ni sumu gani anayopambana nayo. Vilevile, unga mweupe usio na lebo unafanana mno na unga wa ngano, sukari ya unga au magadi, na makosa ya namna hiyo jikoni hayana nafasi ya kusahihishwa.

Mazoea ya zamani nayo si mwongozo. Katika miaka ya 1950, unga wenye lindeni ulitumika Afrika Mashariki kuua papasi ndani ya nyumba za udongo. Mwaka 2009, lindeni iliwekwa katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. DDT, ambayo ilisifika kwa kuzima mlipuko wa homa ya chawa mjini Naples, Italia, mwaka 1943 na 1944, leo inaruhusiwa na mkataba huo kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa pekee, chini ya masharti maalumu, na si bidhaa ya kuuziwa kaya. Kwa hiyo, pakiti ya zamani iliyosahaulika stoo isitumike kwa hoja kwamba wazee waliitumia.

Hatua ya pili: Safisha kwanza, dawa baadaye

Dawa ya unga inayowekwa katika nyumba yenye makombo, vyombo vichafu na nyufa zisizozibwa hupunguza wadudu kwa muda tu. Mende hufuata chakula, maji na joto. Kunguni hujificha kwenye maungio ya kitanda, mishono ya godoro, nyuma ya picha za ukutani na katika nyufa za kuta. Viroboto hukulia kwenye vumbi la sakafu, hasa pale wanapolala mbwa, paka, mbuzi au kuku.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua pakiti, kaya inashauriwa kufagia na kupiga deki, kuacha sakafu ikauke, kufunika chakula, kuziba nyufa kwa udongo au saruji, na kutenganisha mahali pa kulala mifugo na pa kulala watu. Shuka, vyandarua vilivyochakaa vinavyotumika kama pazia, na nguo zinazostahimili joto zifuliwe kwa maji ya moto sana. Kitanda kifunguliwe vipande, maungio yake yamwagiwe maji yaliyochemka, na godoro litolewe nje juani, ligeuzwe na kukaguliwa mishono yake. Kunguni wa maeneo mengi duniani wamejenga usugu dhidi ya sumu za jamii ya permethrini, hivyo maji ya moto na ukaguzi wa mara kwa mara mara nyingi hufanya kazi ambayo unga hauwezi kuikamilisha.

Kwa upande wa nafaka, kaya zinazoweza kununua mifuko isiyopitisha hewa zinaweza kuhifadhi mahindi makavu bila kutumia unga kabisa, kwani wadudu waliomo hukosa hewa na kufa. Hatua hiyo pia hupunguza kiasi cha sumu kinachoingia ndani ya nyumba.

Hatua ya tatu: Weka dawa kwa utaratibu

Baada ya kuchagua dawa iliyosajiliwa kwa wadudu wa majumbani, mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Watoto, wajawazito, wagonjwa wa pumu na mifugo waondolewe ndani ya nyumba. Chakula, maji ya kunywa, vyombo na miswaki vitolewe au vifunikwe.

2. Mtumiaji avae shati la mikono mirefu, suruali, viatu vya kufunika miguu, glovu na barakoa inayobana vizuri puani na mdomoni. Kitambaa kilicholoweshwa maji hakitoshi kuzuia chembe laini.

3. Feni izimwe na upepo usubiriwe utulie wakati wa kuweka dawa, ili unga usitawanyike. Mtumiaji asile, asinywe, asivute sigara wala kujigusa usoni.

4. Unga uwekwe kidogo katika nyufa, nyuma ya kabati, chini ya friji, kwenye maungio ya ukuta na sakafu na katika matundu ya mabomba. Chupa laini yenye mdomo mwembamba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au brashi ndogo kavu, hutosha. Dawa isipulizwe kwa mdomo wala kurushwa kwa mkono.

5. Unga usiwekwe juu ya godoro, mto, shuka, meza ya chakula, ubao wa kukatia mboga au ndani ya soketi za umeme. Ukionekana kama mstari mweupe sakafuni, umezidi, na ziada yake ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa ufagio mkavu unaourusha hewani.

6. Dawa ya unga isikorogwe kwenye maji au mafuta ya taa, wala kuchanganywa na dawa nyingine.

7. Baada ya kazi, mtumiaji aoshe mikono na uso kwa sabuni, aoge, na nguo alizovaa zifuliwe peke yake. Madirisha yafunguliwe na watu warudi ndani baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo.

Mtumiaji awe na subira. Asidi ya boriki, kwa mfano, huchukua siku kadhaa kabla ya matokeo kuonekana. Mayai ya mende yamo ndani ya kifuko kigumu, na viroboto wachanga hujifungia katika vifukofuko ambavyo sumu huvipenya kwa shida. Kuonekana kwa wadudu wachache baada ya wiki moja au mbili hakumaanishi kuwa dawa imeshindwa, bali kizazi kipya kimetoka. Rudia kwa muda ulioelekezwa na lebo, bila kuongeza kipimo.

Funzo kutoka Mbulu: Kiroboto kwanza, panya baadaye

Kuna hali ambapo dawa ya unga ni suala la uhai kwa jamii nzima. Mwaka 2007, ugonjwa wa tauni ulilipuka katika Wilaya ya Mbulu, inayopakana na Babati ndani ya mkoa huuhuu wa Manyara. Kabla ya hapo, Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga ilikuwa imeteswa na ugonjwa huo kuanzia mwaka 1980. Tauni husababishwa na bakteria anayeishi kwa panya na kupelekwa kwa binadamu na viroboto.

Katika udhibiti wa tauni, mpangilio wa hatua ni muhimu kama dawa yenyewe. Viroboto huuawa kwanza kwa unga unaowekwa kwenye mashimo na njia za panya, ndipo panya wateguliwe. Panya wakiuawa kwanza, viroboto huiacha mizoga iliyopoa na kutafuta mwili wenye joto, ambao unaweza kuwa wa mtu. Panya anapopita juu ya unga uliowekwa kwa usahihi, huubeba kwenye manyoya hadi shimoni, na viroboto huangamia hukohuko.

Kazi hiyo hufanywa kwa usimamizi wa wataalamu wa afya. Mwananchi anayeona panya wengi wamekufa bila sababu inayojulikana asiwaguse kwa mikono wala kujaribu dawa yake mwenyewe, bali atoe taarifa haraka kwa uongozi wa mtaa au kijiji na kwa afisa afya wa kata.

Mtu akidhurika

Sumu za kundi la pirimifosi-methili huweza kusababisha kutokwa na mate na machozi mengi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kubanwa kifua, misuli kucheza na hata degedege. Sumu za jamii ya permethrini mara nyingi huleta mwasho au hisia ya kuchomachoma katika ngozi, kikohozi na kichefuchefu. Dalili zinaweza kufanana na za malaria au chakula kilichoharibika, hivyo mganga aelezwe mapema kuwa dawa ya wadudu ilitumika nyumbani.

Aliyevuta unga atolewe nje apate hewa safi. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni. Unga ukiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, na asipewe maziwa, mafuta wala dawa ya kienyeji. Akipoteza fahamu, alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Kifungashio cha dawa kipelekwe pamoja naye, kwa kuwa jina la kiambato ndilo humwongoza daktari katika kuchagua tiba.

Hifadhi na utupaji

Dawa ibaki katika kifungashio chake, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli, mbali na chakula na moto. Isihamishiwe kwenye chupa ya soda, kopo la maziwa au mfuko wa unga wa kupikia. Pakiti tupu isitumike tena wala kuchomwa jikoni. Itobolewe na kutupwa kama lebo inavyoelekeza, na penye shaka afisa afya aulizwe.

Wakazi wa Babati wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Sumu za jamii ya permethrini ni hatari sana kwa samaki na nyuki hata kwa kiasi kidogo, na kwa paka pia. Mabaki yanayotupwa kwenye mtaro huweza kusombwa na mvua hadi Ziwa Babati, ambako wananchi huvua samaki kwa kitoweo na biashara.

Kwa ushauri kuhusu wadudu wa majumbani, mwananchi amwone afisa afya wa kata. Kuhusu dawa za nafaka, amwone afisa ugani wa eneo lake. Maswali ya afya yanaweza kuulizwa bila malipo kupitia namba 199 ya Wizara ya Afya. Kwa mtu aliyekwisha kudhurika, usisubiri simu wala dalili kuongezeka: mpeleke katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu, ukiwa na kifungashio mkononi.